Boma la Opio Katika Mpango wa Miaka Ishirini

Abwanget, Amagoro
9 Mei 1976

Dada yangu Apeduno,

Huku hatujambo. Mama alikuwa na kikohozi kikaisha, Caren ana mimba tena, na pamba ya mwaka huu imesimama vizuri kuliko ya mwaka jana. Naandika kwa Kiswahili kama ulivyoniagiza. Makokha, dereva wa lori anayetubebea barua, amenieleza sababu: askari wa upande wenu wa Uganda akifungua barua ya Kiswahili anaisoma mwenyewe na kuirudisha, lakini ya Kiteso anaitafutia mkalimani, na ukishatafutiwa mkalimani huko ni shida. Basi hii aisome yeyote anayetaka. Ni habari za maendeleo tu.

D.O., mkuu wetu wa tarafa, aliwaita Amagoro wazee wa vijiji vyote. Akasema serikali imechoka na vijiji vinavyoomba kisima leo na barabara kesho, kama mtoto anayelilia kila anachokiona. Kila baraza la kijiji likae lipange miaka ishirini. Shule itakuwa wapi, soko wapi, maji wapi, nani atajenga wapi. Mimi wamenichagua katibu. Unajua kwa nini: karani wa ushirika wa pamba ana kalamu na ana meza. Mwenyekiti ni mzee Etyang. Wanawake wanasemewa na mama Jentrix wa kanisani, ambaye amekwisha kugombana na kila mtu.

Tumekubaliana kuanza na zahanati. Sina haja ya kukueleza kwa nini. Ulikuwepo siku ile mtoto wetu wa kwanza alipotufia njiani, mimi naendesha baiskeli na Caren amempakata nyuma, hatujui hata ni wapi hasa alipokata roho. Nilipotaja zahanati hakuna aliyepinga.

Mawe tunayo, mchanga uko mtoni, vijana wapo. Saruji ndiyo hatuna. Huku imekuwa adimu. Mzee Etyang akaniangalia mbele ya watu wote: "Katibu, si shemeji yako yuko kwenye kiwanda cha saruji, Tororo?" Nikasema nitaandika. Basi muulize Opio kama kiwanda kinaweza kukiuzia kijiji kwa karatasi halali, mzigo upite Malaba mchana mbele ya watu wa forodha. Magendo hatutaki.

Ndugu yako,
Protus Emojong


Tororo
6 Juni 1976

Mdogo wangu Protus,

Barua yako imefika. Ilifunguliwa njiani na kugandishwa tena kwa ugali, lakini imefika yote.

Nilimsomea Opio akiwa anakula. Alicheka mpaka akaweka tonge chini. "Miaka ishirini!" akasema. "Sisi hapa tukipata sukari ya Ijumaa hatupangi ya Jumamosi." Kisha akaacha kucheka, akaniambia nirudie pale pa zahanati. Unajua alivyompenda yule mtoto. Ndiye aliyemchongea kigari cha mbao. Akamaliza kula, akanawa, akasema, "Mwandikie shemeji kwamba nitauliza. Sitamtuma mtu. Nitaingia kwa mkubwa mwenyewe, niulize kwa mdomo wangu. Kuuliza si kosa."

Amependa sana neno lako la karatasi halali. Anasema siku hizi huku mtu akikwambia karatasi halali unamwangalia mara mbili.

Watoto wazima. Atyang anasoma, Okello anatambaa na kula udongo. Caren asibebe maji mbali.

Dada yako,
Perez Apeduno


Abwanget
22 Agosti 1976

Dada Apeduno,

Mwezi wa saba ulitutisha. Malaba ilijaa malori mpaka huku kwetu, madereva wanapika kando ya barabara, na kila mtu ana habari yake ya yanayotendeka ng'ambo. Niliandika barua mbili sikupata wa kuzibeba. Makokha amesema sasa wameanza kuvuka tena kidogo kidogo, ndiyo maana nampa hii.

Baraza limekutana mara nyingi. Tumechora ramani ya kijiji kwenye karatasi kubwa, imebandikwa ukutani kwenye stoo ya pamba. Soko tumeliweka njia panda. Shule itasogezwa juu kidogo, maji yasiifikie. Kila boma linaandikwa kwa jina la mwenyewe, kwa sababu ramani ikishapelekwa kwa D.O. ndiyo hiyo, asiyeandikwa atakuwa mgeni kwao. Watu wanakuja stoo si kwa pamba, wanakuja kujitafuta ukutani. Wakijiona wanatabasamu, wanakwenda zao.

Msingi wa zahanati umechimbwa. Vijana walifanya kazi wiki nzima kwa pombe ya ajon na nyimbo. Sasa wazee wananiuliza kila nikikutana nao: shemeji amesemaje? Nijibu nini?

Ndugu yako,
Protus Emojong


Tororo
17 Oktoba 1976

Mdogo wangu,

Nimepata barua yako. Watoto wazima. Atyang anasoma vizuri. Okello anatembea. Mvua ipo. Wale kuku weupe wamekufa wote isipokuwa mmoja, naye hatagi.

Kuhusu saruji, Opio amesafiri. Ni safari ya kikazi. Akirudi nitamkumbusha.

Sabuni hakuna. Tunafulia majani ya mpapai. Yanatoa uchafu sawasawa, ila mikono inabaki na harufu.

Mwambie mama nalala vizuri.

Perez


Abwanget
15 Januari 1977

Dada,

Caren alijifungua salama mwezi wa kumi na moja, mtoto wa kike. Tumempa jina lako, Perez. Nilikutumia habari kwa mdomo wa Makokha, akasema umepokea, ukasema "vizuri." Vizuri tu. Caren aliniuliza mara mbili kama ndivyo ulivyosema.

Sasa nikuambie ya moyoni, na usinikasirikie. Miezi inapita. Kila nikiuliza, Opio yuko safarini. Safari gani hiyo ya mfanyakazi wa stoo? Mvua za vuli zilijaa kwenye msingi tuliochimba, kingo zikaporomoka, sasa vyura ndio wenye zahanati. Katika kikao cha juzi mzee mmoja alisema mbele ya watu kwamba shemeji yangu amekuwa mkubwa huko, hataki kuonekana na maskini wa Kenya. Watu walicheka. Mimi ndiye katibu. Nilikaa na kalamu mkononi nikisubiri waache kucheka niandike.

Kama haiwezekani, Opio aseme haiwezekani. Hata hapana ni jibu. Mwambie hivyo, kwa maneno yangu haya haya.

Protus


Tororo
27 Februari 1977

Mdogo wangu Protus,

Opio anaomba radhi kwa baraza na kwa mzee Etyang. Saruji haitapatikana. Msimsubiri.

Nimefurahi kwa jina la mtoto.

Huku kazi ni ile ile. Kila Jumamosi nafua mashati yake na kuyaanika mbele ya nyumba, pale yanapoonekana na wapita njia. Jioni nayakunja. Jumamosi inayofuata nayafua tena. Moja limeanza kuchanika kwenye kola kwa kufuliwa.

Salamu kwa wote.

Perez


Abwanget
8 Machi 1977

Dada Apeduno,

Makokha alisimamisha lori barabarani akaja kwa miguu mpaka stoo. Nikampa kiti, akakataa. Akasema, "Bosi, acha kumwandikia dada yako mambo ya saruji." Nikamuuliza kwa nini. Akanieleza kuhusu safari ya shemeji, maneno machache tu, huku anaangalia mlango. Alipoondoka nilifunga stoo, na watu wenye pamba walikuwa bado kwenye mstari.

Sitaandika zaidi.

Mama yetu anaumwa sana. Mama anataka kuwaona wajukuu wake kabla hajafa. Mtu akikuuliza unakwenda wapi, mwonyeshe barua hii: mama anaumwa sana, na mimi mwanawe nimekuita. Usipite Malaba, watu wanaulizwa maswali mengi. Zunguka upite Busia. Njoo na watoto wote wawili.

Ndugu yako,
Protus Emojong


Busia, upande wa Kenya
24 Aprili 1977

Mdogo wangu,

Tumevuka. Makokha alikwisha kuniambia mama haumwi, lakini njiani nilijikuta namwombea apone.

Tulitembea na kikapu cha sokoni kama watu wa sokoni. Ofisa wa ule upande alisoma barua yako yote, akanirudishia, akasema, "Pole kwa mama." Alikuwa mtu wa kawaida. Kisha tukawa huku.

Sasa naweza kuandika bila kuogopa, na naona sina mengi ya kuandika. Walimchukua Opio Ijumaa moja mwezi wa tisa, langoni kwa kiwanda, watu wakitoka kazini. Wanaume watatu wenye miwani myeusi. Walimwambia avue viatu, akavua. Wakamfungia kwenye buti ya gari, wakaondoka. Jioni mlinzi wa lango alileta viatu akaviweka mlangoni kwangu bila kubisha hodi. Sikumwita. Niliviingiza ndani nikaendelea kusonga ugali, na nilisonga wa watu wanne.

Nilikwenda kwenye kambi ya jeshi. Askari wa mlangoni alikuwa kijana mdogo, ananiita mama. "Mama, rudi nyumbani. Hapa hakuna mtu wa jina hilo." Nilirudi siku nyingine, akanijibu vilevile, kwa adabu ileile. Majirani waliacha kuja kuomba moto. Ndipo nikaanza kufua yale mashati, waone mwenyewe yupo. Labda na mimi nilitaka kuona hivyo.

Usije kunichukua sasa. Nakaa kwa mama Adoyo, mjane mwenye hoteli ndogo karibu na stendi. Samaki zake zinatoka Port Victoria, mimi naparua magamba na kukaanga, anatupa chakula na chumba cha nyuma. Watu wanavuka hapa kila siku kutoka kule, wengine na mizigo, wengine hata viatu hawana. Wanakuja kula. Nawawekea sahani, nawauliza kama waliwahi kuwa na mtu anayeitwa Opio, mrefu, mwenye kovu la kuungua kwenye mkono wa kulia. Nikija Abwanget nani nitamuuliza?

Mama Adoyo ananiambia nilie. Sijakataa. Machozi hayaji.

Dada yako,
Perez


Abwanget
12 Juni 1977

Dada yangu,

Nimemsomea mama barua yako mpaka pale pa viatu, nikashindwa. Caren akamalizia.

Nakuomba radhi kwa yale niliyokuandikia mwezi wa kwanza. Sina maneno ya kuyafunika.

Sasa sikiliza, kuna jambo la haraka. Ramani inakwenda kwa D.O. kabla mwaka haujaisha. Nilisimama kwenye baraza nikaomba uandikwe kwenye kile kipande cha baba karibu na kijito, wewe na watoto. Nilidhani watasema ndiyo, tuendelee. Mzee Etyang akaweka fimbo yake chini.

"Perez ni mtoto wetu," alisema. "Lakini ni mjane au ni mke?"

Nikasema mumewe amechukuliwa.

"Nimeuliza kama amekufa. Mke wa mtu hapewi ardhi kwa baba yake, mumewe yu hai. Kesho Opio anafunguliwa, anakuja hapa na ndugu zake kudai mke, au kudai ng'ombe wao. Na wale ng'ombe wa mahari yake, katibu, si ndio ulioolea wewe? Utawatoa wapi? Akiwa mjane, tunampa leo leo."

Mama Jentrix alimwambia hana aibu. Mzee akajibu kwamba aibu anayo, ila na umri anao, na ameona kesi za namna hiyo zikimaliza familia. Siwezi kusema alisema uongo.

Dada, ni neno moja tu. Niandikie kwamba mumeo amekufa na wewe ni mjane. Niandikie hata kwenye kipande cha karatasi ya sukari. Nitakisoma barazani, nitaandika jina lako kwa wino, na jambo litakuwa limeisha. Mungu anajua, sisi wote tunajua.

Protus


Busia
3 Julai 1977

Mdogo wangu Protus,

Hilo neno nimelijaribu. Nililisema peke yangu jikoni, mafuta yakilia kwenye karai, hakuna aliyesikia. Halikukaa mdomoni. Sijaona mwili. Sijaona kaburi. Hakuna aliyeniambia, "Nilimwona." Nikisema amekufa, mimi ndiye wa kwanza kusema, na itakuwa kama mimi ndiye niliyemuua.

Kaka yake Opio alivuka wiki iliyopita. Alikula samaki wawili, akanawa, akasema, "Shemeji, kama wewe ni mjane, mimi nipo, nitakurithi kama desturi ilivyo, na watoto watarudi kwao. Kama si mjane, rudi ukakae kwenye nyumba ya mumeo." Alisema kwa upole. Hata yeye amechoka. Kwa hiyo ukiandika mjane hapo kwenye ramani yenu, yeye atakuja kwa njia yake. Usipoandika, mzee Etyang hanipi. Waambie nimeelewa. Simlaumu mtu.

Kuna jambo sikukuandikia. Nilidhani nitakufa nalo, lakini ulivyoomba radhi kwa lile dogo, naona si haki nikae na kubwa peke yangu.

Opio aliuliza. Alisema ataingia kwa mkubwa mwenyewe na aliingia, mwezi ule ule wa tisa, baada ya barua yako ya Agosti. Aliomba saruji ya zahanati ya kijiji cha Kenya, kwa karatasi halali. Mkubwa akamwambia aandike jina lake na jina la kijiji. Aliporudi nyumbani alifurahi, akasema, "Ameandika, maana yake anafikiria." Ijumaa ya wiki hiyo ndiyo walikuja langoni.

Sijui kama ni hilo. Kule wanachukua watu ambao hawajaomba chochote. Mwalimu jirani yetu alichukuliwa na hakuwa ameomba kitu. Nimelifikiria mpaka sasa silifikirii tena. Nikiligusa ni kama nagusa mguu uliokufa ganzi, najua ni wangu tu.

Usije hapa kuniomba radhi kwa hilo. Nitakosa la kukujibu.

Perez


Abwanget
18 Septemba 1977

Dada yangu Apeduno,

Sikukuandikia Julai wala Agosti. Nilikuwa nakwenda stoo, napima pamba, narudi. Caren aliniuliza kuna nini, nikamwambia hakuna kitu. Mtoto akililia kubebwa namwangalia mpaka mtu mwingine ambebe. Jina lenu ni moja.

Jumanne nilipeleka jambo lako barazani. Sikuwa nimepanga. Mzee Etyang alikuwa anauliza tufanye nini na ule msingi, tuufukie au tungoje saruji. Mtu mmoja, ingawa alijua shemeji amechukuliwa, akarudia tena lile la ukubwa wake. Ndipo niliposimama. Niliwaambia kwamba Opio aliingia kwa mkubwa wake, akataja Abwanget, na Abwanget ikaandikwa, na wiki hiyo hiyo akachukuliwa. Niliwaambia sijui kama ndiyo sababu na wewe hujui. Kisha nikakaa.

Yule mzee aliyesema lile neno mwezi wa kwanza aliondoka akaenda kusimama nje.

Mama Jentrix akasema, "Basi jina lake liandikwe pale karibu na kijito. Liandikwe Boma la Opio."

"Mtu ambaye hayupo?" mzee Etyang akauliza, lakini sauti yake haikuwa ile ya siku zote. "Huu ni mpango wa miaka ishirini, mama. Tutampangia mtu miaka ishirini na hatujui kama ana kesho?"

"Na wewe unayo? Una miaka sabini na ushee, na boma lako umelichora kubwa kuliko kanisa."

Siku nyingine watu wangecheka. Mzee alikaa, akanyoosha mguu wake mbaya, akasugua goti. Mwishowe akaniambia, "Katibu, andika. Opio alikuwa mtu wetu katika kazi hii, aliingia mlango ambao sisi hatukuuingia. Akirudi, atakuta pake. Ndugu zake wakija, wataona ni boma lake mwenyewe, hawana la kudai. Mkewe anakaa kwa mumewe. Nani atapinga?"

Nikaandika. Herufi ya O imevimba, lakini imeandikwa: Boma la Opio. Hawakukuita mjane wala hawakukuuliza.

Wameamua pia zahanati isingoje saruji tena. Itajengwa kwa fito na udongo, ikandikwe vizuri na mabati juu. D.O. akikataa, akatae imekwisha kusimama. Vijana wale wale wanasema wakimaliza hapo watakuja kijitoni wakusimamishie nyumba. Sikuwaomba.

Ramani inaondoka mwisho wa Novemba. Njoo.

Ndugu yako,
Protus


Busia
13 Novemba 1977

Mdogo wangu Protus,

Nimekaa na barua yako muda mrefu kwenye mfuko wa aproni mpaka imeingia mafuta. Mama Adoyo ameisoma pia, akasema hajawahi kusikia baraza la wanaume likifanya hivyo, na kwamba niende kabla hawajabadili nia. Sikwenda. Niliendelea kuuliza.

Jana alikuja mwanamke kutoka Mbale, umri wangu, na kitenge kizuri kimechafuka matope pindoni. Hakuagiza chakula. Alikuja moja kwa moja mpaka kwenye karai langu, akaniuliza kama niliwahi kumwona mwanamume mfupi, karani, ana pengo la jino hapa mbele. Alichukuliwa mwezi wa pili. Nikamwambia hapana. Akaenda kwa mteja wa kwanza akamuuliza. Akaenda kwa wa pili. Akazunguka meza zote, na kila mtu alimjibu kwa upole huku akiangalia sahani yake. Alipomaliza alirudi kwangu akaniuliza tena, maneno yale yale. Alikuwa amenisahau.

Nilimshika mkono nikamkalisha. Nikamwekea samaki na ugali. "Kula kwanza," nikamwambia. Akasema atakula mumewe akipatikana. Nikamwambia, "Dada, hatapatikana."

Sijui neno hilo nililipata wapi. Sikuwa nimelifikiria. Aliniangalia bila hasira, kama mtu aliyeambiwa gari limekwisha kuondoka, halafu akavuta sahani akaanza kula. Alikula yote. Nilisimama pale mpaka alipomaliza, magamba ya samaki yamenikaukia mikononi, na nikajua sitamuuliza tena mtu yeyote.

Kwa hiyo nakuomba uende stoo kabla ramani haijaondoka. Futa jina la Opio. Wazee wamemfanyia heshima kubwa na nitamshukuru kila mmoja kwa mkono wangu, lakini miaka ishirini ni mingi kumwekea mtu mlango wazi. Andika Boma la Perez Apeduno. Usiandike mjane wala mke, ramani haina haja ya hayo. Kama mzee Etyang anataka kusikia, nitasimama mbele yake nimwambie mume wangu amekufa, na nitaweza kulimaliza hilo neno. Shemeji akija kutaka kunirithi, mlete kwangu, aongee na mwenye boma. Akidai ng'ombe, tutazungumza mwaka hadi mwaka, na mimi nitakuwepo.

Tunakuja Jumamosi kwa basi la asubuhi mpaka Malaba, kutoka hapo tutatembea. Okello analala sana njiani, mtu mmoja aje kusaidia kumbeba.

Nimewaambia watoto leo baada ya kanisa. Okello hakuelewa, aliendelea kucheza na vifuniko vya chupa. Atyang alifikiri kidogo. Akaniuliza, "Baba alikufa lini?"

Nikamwambia, "Leo."

Dada yako,
Perez Apeduno